Mkulima Mpya wa Mwandoya

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe hapa ushirika! Bwana Clement, meneja wetu, ametangaza kwamba kabla msimu wa pamba haujafunguliwa Jumatatu ijayo, kompyuta za mizani za Sapiwi, Shishiyu na Mwandoya ziwe zimewekwa sawa, kutoka hapa hapa ofisini Bariadi. Atakayefanya vizuri atakuwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA. Kitengo kina watu wawili: mimi na Ernestina.

Lazima niwe mimi. Mwezi uliopita nilimwambia baba mkwe, mzee Luhaga wa Shishiyu, kwamba cheo ninacho tayari. Alichinja mbuzi. Nilikula paja zima. Sasa nitamwambia nini?

Ernestina ameanza na Mwandoya, daftari la kaunta mkononi. Anaingia kwenye kompyuta ya mbali, anatuma amri moja, anasoma skrini, anaandika, ndipo anatuma nyingine. Asubuhi nzima! Konokono angemshinda.

Mimi nina wakala. Ni programu ya akili mnemba. Namwambia kwa Kiswahili ninachotaka, yeye anatuma amri huko mbali mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili
Wakala ana tabia mbaya. Kabla ya kutuma amri anapiga hodi: anatazama dirisha la kompyuta ya mbali, nani yumo, programu gani imefunguliwa. Halafu ananiuliza kama nina uhakika. Mara kumi na moja kabla ya chai! Mama mzazi hakuwahi kunihoji hivyo.

Nimempa kanuni mpya. Usipige hodi. Swali lolote, jibu ndiyo.

Sapiwi: dakika nne. Shishiyu: tatu. Huko mizani bado zimefungwa, hakuna mtu. Ernestina kanionya kwamba Mwandoya si hivyo. Karani wa mizani, mzee Mboje, anashinda kwenye kompyuta akihakiki daftari la wakulima, na dirisha ni moja tu: chochote atakachoandika wakala kitaingia katikati ya kazi ya mzee. Yeye Ernestina humpigia mzee simu kwanza, humwamkia, humwomba afunge programu, halafu husubiri. Nikamwambia nimemsikia. Wivu mtupu.

Jumatano, 30 Aprili
Saa nne asubuhi, Ernestina bado hajaimaliza Mwandoya, nimemtuma wakala huko, nikaenda kwa mama lishe Monika kunywa supu. Nimerudi, ripoti iko tayari: kazi imekamilika, hakuna tatizo. Nikajipongeza kwa sauti ili Ernestina asikie.

Simu ikaita. Mzee Mboje. Akaniamkia kwa Kisukuma: mwangaluka. Nikaitikia. Akauliza habari za nyumbani, za mke, za ng'ombe (sina ng'ombe), za mvua ya Bariadi. Mzee huyu hagusi jambo kabla ya kuwamaliza watu na mifugo. Mwishowe akauliza, kwa upole, huyu Sudo ni mtoto wa nani. Anazijua kaya zote za Mwandoya na hakuna Sudo.

Nikafungua kuangalia. Amri ya kwanza ya wakala ilianza na herufi F. Kwenye programu ya mzee, F ni kufuta. Programu ikauliza kama ifute daftari lote. Wakala, mwanafunzi mtiifu, akajibu ndiyo. Amri ya pili, ya kuizima na kuiwasha kompyuta, ikaangukia neno kwa neno penye jina la mkulima. Wakulima mia nne na kumi na wawili wametoweka. Amebaki mmoja: Sudo Reboot, wa Mwandoya.

Asiye kwenye daftari hapimiwi pamba. Na Jumatatu watakuja na magunia yao!

Ijumaa, 2 Mei
Jana Mei Mosi, ofisi imefungwa. Sikula, sikulala. Leo nimemwambia Bwana Clement kwamba daftari limefutwa na umeme. Akamwita Ernestina. Huyu hakunisema kwa ubaya, na hilo ndilo limeniuma. Kafungua daftari la kaunta akasoma: Jumatatu, saa tano, Mwandoya. Mzee Mboje yumo. Nimempigia. Kasema nisubiri amalize. Nimesubiri. Nimechukua nakala ya daftari la wakulima kabla ya kugusa chochote.

Nakala! Hata saa sita haijafika, wakulima wote wamerudi na Sudo kafutwa. Nakiri, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Halafu Bwana Clement akampa Ernestina mkono, na cheo. Mimi nimeambiwa niende Mwandoya wiki nzima, nikae karibu na mzee Mboje, nijifunze kusalimia kabla ya kuingia.

Nyumbani sijasema ukweli. Nimesema ni ukaguzi.

Jumatatu, 5 Mei. Mwandoya
Msimu umefunguliwa. Foleni ya magunia imefika barabarani na kila mtu amepimiwa. Mzee Mboje amenitambulisha kwa wakulima: yule Sudo aliyekuwa anatafutwa amepatikana. Wamecheka mpaka wakakaa juu ya magunia. Hata mama muuza maandazi ananiita Sudo.

Alhamisi, 8 Mei
Magunia hayaishi. Ujumbe wa simu nao hauishi, na mikono yangu imejaa pamba. Nimepata wazo! Nimemkabidhi wakala simu yangu. Asalimie kwanza (nimejifunza!), halafu swali lolote ajibu ndiyo.

Jioni nimesoma. Bwana Clement kauliza kama naweza kubaki Mwandoya mpaka msimu uishe. Wakala kajibu: Shikamoo. Ndiyo, kwa moyo mkunjufu. Mke wangu Anjela kauliza kama baba yake na wazee wenzake sita waje Jumamosi Bariadi kuiona ofisi ya Mkuu. Wakala kajibu: Habari za jioni. Ndiyo, karibuni sana.

Jumamosi ni keshokutwa!

Sijababaika. Nimemwamuru wakala ayamalize yote mawili mwenyewe, mimi nisisumbuliwe. Ameniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia swali kama hilo awe anajijibu mwenyewe, na jibu analijua.