Pudini ya Senene

Jumapili, 13 Desemba 1953

Nimeamua. Krismasi hii napata mke! Mwalimu Polikarpo, mtu wa Bukoba kama mimi, anayefundisha Temeke, amewaalika kwake vijana wote wa kwetu aliowazoea hapa Dar es Salaam. Kila mmoja aje na chakula. Vijana wote maana yake ni mimi na Gaudens. Gaudens ni karani wa stoo, ana baiskeli isiyo na breki na kichwa kisicho na wazo. Simhesabu.

Binti wa Mwalimu ni Avelina. Nampenda hadi nasahau kula, nami si mtu wa kusahau kula. Baada ya misa alinisimamisha nje ya kanisa. Alisema tangu wahamie pwani baba yake haishi kuzungumzia senene, wale panzi wa kwetu wa kuliwa, hajawaonja miaka mingi. Nilimwambia asihofu, kichwani mwangu kuna mambo makubwa kuliko senene. Akanitazama kwa muda mrefu. Mapenzi hayo!

Jumatano, 16 Desemba

Leo Mwishehe, mpishi wa bosi wangu wa Kizungu, amenieleza siri ya Krismasi yao. Pudini! Unga, mafuta, sukari, zabibu, vyote hufungwa kitambaani na kupikwa kwa mvuke. Kisha humwagiwa brandi na kuwashwa moto mezani, na Wazungu wazima na akili zao hupiga makofi.

Kwa mvuke! Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Kinondoni. Bibi yangu amepika ndizi kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba maisha yake yote na hakuna aliyempigia makofi. Kumbe Wahaya tuna pudini tangu zamani, tulichokosa ni kiberiti. Badala ya unga, ndizi. Badala ya brandi, rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwalimu atajua amepata mkwe wa kisasa. Zimebaki zabibu.

Jumamosi, 19 Desemba

Mama yangu ni malaika. Nimechukua stesheni kifurushi chake kutoka Bukoba: kopo kubwa la senene, wamekaangwa na kukauka vizuri. Senene asiye na mbawa wala miguu ana tofauti gani na zabibu? Hakuna.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Hashil, alichungulia kopo akauliza kama hao panzi ni wa kufuga. Nilimweleza habari ya pudini. Akasema nzige ni halali, hilo halina ubishi, ila si kila kilicho halali lazima kitiwe sukari. Muungwana, lakini hana maono. Mkewe, Bi Hayat, alinipa iliki na kuniombea dua.

Jumapili, 20 Desemba

Avelina amesikia habari za kopo. Alinivuta pembeni akasema nimpelekee baba yake kama lilivyo, nisiongeze kitu, kisha siku ya pili nimtume mshenga. Akasema yeye hana pingamizi, tena alisema huku akitazama chini. Nilimuuliza kama mama yake ana sahani kubwa isiyopasuka kwa moto. Alisema ipo. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nadhani jua lilikuwa kali.

Alhamisi, 24 Desemba

Siku ngumu. Ndizi za Bukoba huku hakuna. Muuzaji wa Tandale aliniapia kwamba ndizi za mkono wa tembo ni ndugu zao. Labda ndugu wa kambo. Nilizitwanga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mzee Hashil alinikatia majani mgombani mwake bila kuuliza, maana alishaamua kutouliza.

Gaudens alikuja akifuata harufu. Alikuwa hajajua apeleke nini kesho, maskini. Senene wachache walikuwa wamebaki, hawakuenea kwenye pudini. Nikampa. Nina huruma mno, ndiyo kasoro yangu.

Ijumaa, 25 Desemba. Krismasi

Niandike tu.

Tulifunga madirisha ili moto uonekane. Nikamwaga rubisi. Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena. Rubisi ilizima kiberiti kwa sauti ya dharau. Gaudens akauliza kama Wazungu nao husubiri hivi. Nikachukua taa ya Mwalimu, nikadondoshea pudini mafuta ya taa, kidogo tu. Ikawaka! Ikawaka pamoja na kitambaa cha meza alichokidarizi Ma Felicitas, mke wa Mwalimu. Avelina aliuzima moto kwa mtungi wa maji.

Nilitoa upande uliopona. Ma Felicitas, mama mwenye adabu, alikula kipande. Akasifu zabibu. Akaomba kingine. Mwalimu ndipo akatafuna, akaacha kutafuna, akatoa mdomoni mguu mmoja. Akauliza polepole hiki ni nini.

Kwetu mwanamke huokota senene, huwakaanga, na hapo kazi yake huishia. Kula ni kwa wanaume. Hili nililijua tangu utotoni. Lilinitoka kwa sababu nilikuwa nikifikiria kiberiti.

Mwalimu alisema nimemlisha mkewe mwiko mbele ya macho yake. Kisha, kwa uchungu zaidi, akasema senene aliowangoja miaka yote hiyo nimewatia sukari na mafuta ya taa. Hapo Gaudens akafungua kifurushi cha jani la mgomba. Senene wangu! Kawapasha moto na chumvi, basi. Mwalimu alikula mmoja mmoja, amefumba macho, machozi yakimtoka. Akamwita Gaudens mwanangu.

Nilipotoka, Ma Felicitas alinifuata hadi uani akauliza kwa kunong'ona kama pudini imebaki.

Jumapili, 27 Desemba

Nilimwomba Avelina radhi kwa kitambaa. Alisema si kitambaa. Alisema alinieleza kila kitu kwa maneno mepesi, nami nikamuuliza habari za sahani. Akaondoka bila kugeuka. Nililia njiani, na sioni haya kuandika.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Ni ndizi. Yule muuzaji wa Tandale ana dhambi.

Jumapili, 10 Januari 1954

Ndoa ya Gaudens na Avelina imetangazwa leo kanisani. Padri aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Waumini wote walinigeukia mimi. Nilitazama dari.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Mwishehe. Anasema harusi ya Kizungu ina keki ya ghorofa tatu, na juu kabisa husimama sanamu ya bwana na bibi harusi. Ghorofa tatu! Avelina akiingia ukumbini aione, atajua palepale ni nani alipaswa kusimama pale juu. Nimeshampata fundi wa kunichongea sanamu, nimempa na picha yangu. Wenye harusi sijawaambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.