Donge la Jibini la Pima Maji

Habari za Redio huwa zimelala. Hilo ni jina lake la kijiweni; yeye ni mlinzi wa geti, na gazeti humfikia wakubwa wake wakishalimaliza, mara nyingi siku ya tatu, likiwa na alama ya kikombe katikati. Hata hivyo, akifika kwenye benchi la fundi viatu hulisoma kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia.

"Wanaume tumekwisha!" alitangaza Jumamosi ile mchana. "Sikilizeni. 'Donge la jibini la sherehe za mwisho wa mwaka. Halihitaji moto wala sufuria. Hata baba wa nyumba anaweza.'"

Fundi viatu, ambaye wote humwita Daktari, aliacha kushona. "Hiyo 'hata' imeingiaje hapo? Matusi hayo."

"Wewe si ulikaanga yai na ganda lake?" Redio alimkumbusha.

"Nilikuwa na haraka!"

"Basi 'hata' ni yako," alisema Mama Kahawa, akimjazia kikombe. "Mwandishi anakufahamu."

"Mimi chai yangu hata nzi anaikwepa," Redio alikiri. "Mke wangu akiumwa, anapona kwa kuogopa nisije nikampikia."

Wote walicheka, lakini Pima Maji alicheka zaidi, maana alikuwa na siri. Pima Maji ni fundi wa plasta, na jina alipewa la kile kifaa chenye kipovu cha kupimia usawa, kwa sababu hawezi kuona picha imekaa upande ukutani asiinyooshe, hata msibani. Gazeti hilo alikuwa amelisoma siku ile ile lilipotoka. Chini ya benchi, ndani ya ndoo mpya yenye mfuniko, lilikuwepo donge lenyewe.

"Mnasoma," alisema taratibu, "wenzenu tumeshajenga."

"Toka hapa!"

"Haki ya nani. Leo kwa mama mkwe wangu, kila nyumba inaleta kitu ilichokitengeneza kwa mikono yake. Miaka mitatu mfululizo mimi napewa kazi gani?"

"Viti," walijibu kwa pamoja. Hadithi hiyo walikuwa wameichoka.

"Viti! Shemeji yangu analeta keki, mimi nabeba viti. Wazee wakiuliza huyu ni nani, wanaambiwa ni yule wa viti. Safari hii nimempigia mama mwenyewe nikamwambia, mwaka huu usinihesabu kwenye viti, nakuja na donge."

"Mama Pacha anajua?"

"Mke wangu anajua naleta kitu. Anakuja kunichukua saa tisa. Hajakiona."

Alipoeleza ujenzi wenyewe, kifua kilimjaa. Jibini laini na jibini ngumu ya kukwaruza alizichanganya kwa kipimo cha mbili kwa moja. Akatia vitunguu majani na pilipili mboga nyekundu. Karanga alizivunja, akazichekecha, zile kubwa akazirudisha zikavunjwe tena. Kisha akalifinyanga donge na kuliviringisha humo mpaka likavaa karanga pande zote. "Duara, mzee! Ungeliweka mezani lisingeegemea upande wowote. Halafu nikalipeleka kwenye friji ya muuza soda, lishike."

"Likashika?"

"Litaachaje? Nimelimwagilia mwenyewe."

Mama Kahawa aliteremsha birika. "Umelifanya nini?"

"Nimelimwagilia maji. Jana jioni, usiku kabla muuza soda hajafunga, na leo asubuhi. Nililifunika na kitambaa kilicholoa, maji nikawa nayapitisha juu yake bila kukifunua."

"Gazeti limesema hivyo?"

"Gazeti limesema 'liache lishike'. Kuna mambo fundi haandikiwi, Mama. Kitu kinachotakiwa kushika, kama plasta, unakimwagilia, usipokimwagilia kinapasuka. Miaka ishirini niko kazini!"

Redio alilikunja gazeti kwa heshima, kama mtu aliye karibu na jeneza. Pima Maji akaivuta ndoo, akafungua mfuniko na kuondoa kitambaa.

Donge halikuwepo. Palikuwa na uji mzito wa rangi ya maziwa, na karanga zikielea juu.

"Nyumba imetitia," alinong'ona Daktari.

"Na wakazi wanaogelea," aliongeza Redio.

Pima Maji hakucheka. Alikaa akitazama mikono yake, ile iliyopiga plasta nusu ya mtaa. "Nileteeni viti," alisema. "Nianze kubeba tangu hapa."

"Acha kujiombolezea," Mama Kahawa alimkata. Aliyamimina maji ya juu, akaonja kwa ncha ya kijiko, akaonja tena. Akakoroga kwa nguvu, akahamishia kwenye bakuli lake la kioo na kufungua pakiti ya biskuti za chumvi. "Ladha haina kosa. Sasa ni ya kuchovya. Mwambie mkeo ndivyo ulivyokusudia."

Mama Pacha alifika amevaa nguo ya sherehe. Alichovya biskuti, akatafuna, akachovya nyingine. "Tamu. Ila mbona majimaji?"

Wote walimtazama Pima Maji. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukamshinda.

"Nilimwagilia, mke wangu. Ili lishike."

Mama Pacha alicheka mpaka akaketi benchini bila kujali nguo. Akatoa simu, akampigia mama yake, akafungua spika, mazungumzo yakasikika kijiwe kizima.

"Mama, mkweo ametengeneza donge la jibini, akalimwagilia kama ukuta. Limekuwa uji."

Pima Maji alifumba macho.

"Uji?" mama mkwe aliuliza. "Hautafunwi?"

"Hautafunwi, mama."

"Mwambie alete hivyo hivyo. Haya meno yangu ya bandia hayawezi kitu kigumu. Miaka mitatu nakaa kwenye sherehe yangu mwenyewe nawatazama mnavyotafuna. Na mwambie asiguse kiti hata kimoja."

Pima Maji alijifanya vumbi limemwingia jichoni. Kisha akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa pima maji, akaifuta vizuri na kuilaza juu ya bakuli. Akaliinua kwa mikono miwili, akaanza safari, macho kwenye kile kipovu.

"Baba Pacha, tazama mbele!" mkewe alimwita, akimfuata na ule mfuko wa kazi.

"Usinisemeshe," alijibu bila kuinua kichwa. "Kiko katikati."