Wageni wa Rafu ya Pili

Nyanchwa, Kisii
Alhamisi jioni

Kwa Mama Mdogo Esnah,
Mwenye Friji.

Mama Mdogo mheshimiwa,

KUH: KUFUKUZWA KWA BAKTERIA KILA IJUMAA

Kabla ya kulalamika, naomba kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kila siku nikitoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, mimi hufungua friji na kuwasalimia bakteria. Wewe umekuwa ukidhani natafuta chakula, na mwanao Duke amekuwa akiniita panya. Sikuwasahihisha kwa sababu ni rahisi kuitwa panya kuliko kueleza.

Naandika ingawa tunaishi nyumba moja na sasa hivi nakusikia jikoni. Nimejaribu kusema kwa mdomo. Kila nikikohoa ili nianze, unaniletea maji ya moto yenye tangawizi.

Kama unavyojua, dada Mokeira na wanafunzi wenzake wa chuo kikuu wanachunguza bakteria wanaopenda baridi. Viumbe hawa huishi mahali pasipo na chakula kingi, hivyo hupigana kwa sumu zao wenyewe, na sumu hizo huenda siku moja zikawa dawa ya vijidudu ambavyo dawa za sasa zimeshindwa kuviua. Chama chetu cha sayansi kiliombwa kusaidia. Tulichota udongo kilimani Kiabonyoru asubuhi ya ukungu, na maji ya kijito kule Nyacheki chini ya mashamba ya chai. Dada Mokeira akaongeza chupa ya mchanga uliotoka karibu na barafu ya Mlima Kenya. Katika chama kizima ni mimi pekee ninayeishi kwenye nyumba yenye friji, na ndivyo wageni walivyofika kwako. Uliwapokea mwenyewe ukisema, "Mgeni hafukuzwi."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanafukuzwa. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, unapika chakula cha Sabato na kukiingiza kwenye friji: maharagwe, maziwa, na ile sufuria ya mboga za chinsaga ambayo wewe husema haijaiva mpaka ilale. Chupa zangu hutolewa na kuwekwa juu ya kabati, karibu na jiko. Na kwa kuwa hatufanyi kazi siku ya Sabato, na kuhamisha chupa ni kazi, hukaa hapo hadi Jumamosi jioni. Sijawahi kuona mgeni akitolewa kitandani ili mboga zilale.

2. Mwezi uliopita niliwakuta wamevikwa sweta la Duke. Najua ulifanya kwa wema. Uliniambia kwamba kitu kidogo kikitoka kwenye baridi lazima kifunikwe, kisije kikashikwa na nimonia. Umelea watoto kwa kanuni hiyo na wote wamekua. Lakini hawa, Mama Mdogo, joto ndilo nimonia yao.

3. Kina mama wa kanisa walipokuja kunywa chai, uliwaonyesha chupa ukasema, "Huo ni uchafu wa Linet, msiuguse." Mmoja akauliza kama hospitali imeshasema nina nini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilibaki huko mpaka walipoondoka.

4. Katika sala ya jioni unamwomba Mungu aangamize kila kijidudu ndani ya nyumba hii. Sisemi usiombe. Lakini kwa jinsi maombi yako yanavyojibiwa, naogopa. Naomba uwe ukiongeza maneno haya: isipokuwa walio kwenye rafu ya pili.

5. Tumefundishwa kwamba pumziko la Sabato ni la nyumba nzima: watoto, watumishi, mifugo, hata mgeni aliye ndani ya lango. Bakteria ni wageni. Wako ndani ya lango, tena ndani ya mlango wa pili. Basi kuwatoa kwenye baridi saa ileile Sabato inapoingia ni kuwanyima pumziko lao. Sitaki kusema kwamba chinsaga inavunja Sabato. Nasema tu kwamba mzee wa kanisa akiulizwa, atahitaji muda wa kufikiri.

6. Mwaka jana Duke alipoanguka na bodaboda kule Marani na kidonda cha mguu kikakataa kupona, wewe ndiye uliyekaa naye wodini. Daktari alibadilisha dawa, akabadilisha tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji ulipomuuliza, "Hakuna dawa nyingine?" Aligeuza tena karatasi za faili. Duke bado anachechemea na kidonda bado kinafunguka. Mimi sina jibu la swali lako, Mama Mdogo, lakini nimekuwa nikilitunza kwenye friji, na kila Ijumaa linatolewa.

Kwa hiyo naomba kwanza chakula kisiingie tena humo. Kikae stoo, au sote tuwe tunafunga siku ya Sabato, jambo ambalo pia lina baraka. Halafu chupa ya Mlima Kenya ipewe kona ya nyuma kabisa, inayokaliwa na chinsaga bila sababu ya kisayansi. Mwisho, nashukuru kwamba utaisugua friji kesho, kwa kuwa dada Mokeira anakuja Jumapili na hutaki mtu wa chuo aone madoa. Tumia dawa kali, hasa kwenye ukuta wa nyuma, chini ya droo ya mboga. Pana utando pale ambao mchuzi wa chinsaga umekuwa ukiudondokea tangu nije kuishi nawe. Dada Mokeira alipokuja kuchukua sampuli wiki mbili zilizopita, aliniambia nipanguse hapo kwa pamba ili apate kitu cha kawaida cha kulinganisha na wageni wetu. Nilipangusa kwa aibu. Waliotoka Mlima Kenya hawawezi kupangishwa pamoja na kina yahe wa namna hiyo.

Nisalimie Duke, aliye sebuleni. Wasalimie kina mama wa kanisa na uwaambie sijapelekwa hospitali. Ukimpigia mama simu, mwambie nasoma kwa bidii na ninakula, hata kama napinga mahali chakula kinapowekwa.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Linet Omwenga,
Kidato cha Tatu.

Nyongeza, Ijumaa alasiri.

Leo dada Mokeira alinisubiri kwenye lango la shule. Sampuli zote alizilea kwenye baridi ya maabara, pamoja na kijidudu cha vidonda kisichosikia dawa. Mchanga wa Mlima Kenya haukufanya lolote. Udongo wa Kiabonyoru vilevile. Wa Nyacheki walikuwa wamekufa, na sitaji sweta. Ni sampuli moja tu iliyojizungushia duara safi ambalo kijidudu kile hakikuweza kulivuka, nayo ni pamba ya ukuta wa friji yako. Anasema duara si dawa, na kwamba safari ya kutoka duara hadi dawa ni ya miaka mingi na wengi huishia njiani. Lakini pamba ilikuwa ndogo, imekwisha. Jumapili anataka kupangusa tena, palepale.

Naondoa malalamiko yote isipokuwa la sita, ambalo halikuwa lalamiko.

Nimekimbia kutoka shuleni. Nimekukuta umeshatoa kila kitu, droo iko juani, ndoo inanuka dawa hadi barabarani, na brashi iko mkononi. Ulikuwa hujaanza. Umeniuliza, "Wewe Linet, umefukuzwa na nini?" Nimekunyang'anya brashi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima, nikafunga friji na kuketi sakafuni, mgongo ukiwa kwenye mlango wake. Kisha nikatoa barua hii kwenye mkoba nikaanza kuandika haya. Umesimama mbele yangu. Umesema niongee kwa mdomo kama watu. Umesema jua linashuka na chakula cha Sabato kiko nje. Kiingie, Mama Mdogo. Chinsaga irudi kwenye kona yake, na ikidondoka idondoke.

Duke amenicheka kutoka sebuleni, akaja akichechemea, akasoma juu ya bega langu mpaka hapa. Ameacha kucheka. Ameketi kando yangu na kuunyoosha mguu, kwa hiyo sasa mlango una migongo miwili.

Nakukabidhi barua. Tafadhali anza kusoma ukurasa huu wa mwisho. Brashi nimeikalia.