Kelele za Seli ya Panya

Leo, wanakundi, uso wangu sijui niuweke wapi.

Mnajua kazi yangu pale maabara: kusikiliza umeme wa seli za ubongo wa panya. Ni panya waliozalishwa wakiwa na jeni za ule ugonjwa wa kusahau unaowashika wazee. Leo bosi wangu, Daktari Nansubuga, alikuwa anaamua kama naweza kurekodi peke yangu au niendelee kuosha vyombo. Tena mbele ya wageni! Afande Ocen, mwanajeshi mstaafu, na mkewe Mama Akello, ambaye ugonjwa wenyewe umeanza kumgusa. Walitaka kuona tunachokitafuta. (Asubuhi chai nilimwaga kwa wasiwasi. Nikamimina nyingine, nikaimwaga pia.)

Mlangoni nikawapokonya simu kwa upole. "Samahani mzee, simu inaharibu kipimo. Weka humu kikapuni." Juu ya kikapu kuna tangazo: SIMU NI ADUI WA SELI. Nililiandika mimi.

Tukazima taa ili tuone vizuri kwenye darubini. Nikashusha sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, hadi ikagusa seli moja katika kipande cha ubongo. Ikashika! Nikawasha spika.

Spika haikutoa kitu. Daktari akakohoa.

Mara: trrr-trrr-trrr!

"Mnasikia?" nikapaza sauti. "Ndiyo hiyo!"

"Inasema nini?" Afande akauliza.

Nikaeleza taratibu, kama ninavyopenda. Seli yenye afya husubiri isukumwe sana ndipo irushe umeme. Kwa panya hawa, zipo ambazo ukizigusa kidogo tu, zimesharusha.

"Kumbe ni kama kuruti kwa zamu ya kwanza," Afande akasema. "Paka ikipita, yeye anafyatua."

"Hapo hapo, Afande! Umeelewa kabisa!" (Nilikaribia kumkumbatia.)

Trrr-trrr-trrr! Nikaeleza tena, safari hii kwa mikono miwili.

Daktari akainama kwenye skrini. "Seli yako imekufa zamani," akasema. "Hiyo ni simu."

Banange, jamani! Nikawageukia wageni kwa sura ya huzuni. "Wazee wangu, si niliwaomba? Kusahau si kosa, lakini..."

(Ndiyo. Nilimwambia hivyo mama mwenye ugonjwa wa kusahau.)

Afande akaonyesha viganja vitupu. "Simu yetu iko kwa kikapu. Wewe mwenyewe ulichukua."

Mama Akello akaninyooshea kidole kifuani. "Mwanangu, koti yako inawaka."

Kweli, mfuko wa koti langu jeupe uling'aa gizani kama taa. Nikaitoa simu: sauti na mtetemo nilizima, lakini mawimbi yake ndiyo yalikuwa yanalia kwenye spika. Kato anapiga. Kato, uko humu kwenye kundi! Kumbe ulitaka kujua kama nakuja kutazama mpira!

Nikatamani tundu la panya niingie. Afande alicheka hadi akashika ukuta. Mama akanishika mkono. "Pole. Hata mimi nasahaunga."

Daktari hakucheka. "Umeeleza vizuri sana kitu ambacho hakikuwepo," akasema. "Kesho utarekodi peke yako, tuone utakavyokieleza kikiwepo. Ila njoo na koti lisilo na mfuko."

Sasa niko nyumbani Kawempe na sindano na uzi, nashona mifuko izibe. Mkitaka kucheka, chekeni kwa kuandika. Asipige mtu simu.