Viazi vya Kumng'oa Mwenyekiti

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata silaha. Shemeji yangu Kokushubila kaniletea mashine ya kukaangia kwa hewa. Bosi wake wa Msasani kahama nchi, kamwachia, naye hana pa kuiweka. Inafanana na ndoo nyeusi yenye droo. Unaweka viazi, unawasha, vinatoka vikavu, ukiving'ata vinalia kacha. Mafuta ni kijiko tu.

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa inasali hapa kwetu, na baada ya sala tunachagua mwenyekiti. Benedikto kakalia kiti hicho miaka yote kwa sababu ya sauti. Akikohoa hapa Wazo, Tegeta wanageuka. Mie kanipa cheo cha mtunza viti. Mtu mzima, karani, naosha viti vya plastiki kila wiki.

Mpango ni huu. Wazee wa jumuiya wamekatazwa mafuta na madaktari. Wote wanamfuata Mzee Alfonsi. Akinyoosha mkono, nao wananyoosha. Nikimlisha Mzee Alfonsi chipsi zisizoelea kwenye mafuta, nimemaliza kazi.

Nimemweleza mke wangu Yuliana. Akasema nianze kwanza kujifunza kuchemsha chai.

Jumanne, 11 Juni

Jaribio la kwanza. Vimetoka vyeupe, laini, vimeinama kama vimepokea habari mbaya. Nikaongeza moto. Vikawa vyeusi nje, vibichi ndani.

Yuliana alikula kimoja. Alikitafuna muda mrefu. Akauliza kama hiki ndicho kitakachomtoa Benedikto. Nikamjibu kwamba uongozi unahitaji subira. Akasema na meno pia.

Jumatano, 12 Juni

Tatizo ni maji. Nimetazama video ya mama mmoja anayeongea lugha nisiyoijua, lakini mikono yake inaeleweka. Anaosha viazi, maji yanakuwa meupe, anamwaga, anaosha tena mpaka maji yanakuwa safi. Halafu anavikausha kabisa. Mie nilikuwa naviingiza vikiwa vinachuruzika.

Nikaosha. Taulo zote zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Nikavitandaza kitandani juu ya shuka, nikaviwashia feni. Yuliana akarudi kutoka shuleni anakofundisha, akasimama mlangoni na mkoba wake. Akauliza kama viazi vinaumwa.

Lakini jioni, jamani. Kijiko cha mafuta, chumvi, nikavipanga visibanane, nikavigeuza katikati. Kufungua droo, rangi ya dhahabu. Nikang'ata. Kacha! Yuliana aliusikia mlio akiwa sebuleni. Alikuja na sahani.

Nimecheza peke yangu jikoni mpaka koleo likaanguka.

Alhamisi, 13 Juni

Kampeni imeanza. Nimempelekea Mzee Alfonsi sahani. Nikampa shikamoo yenye heshima zote, nikamwambia, "Mzee, hivi hata daktari wako angekula."

Alikula kimoja kwa mashaka. Kisha akavimaliza vyote, akapitisha kidole kwenye chumvi. Akaniambia tangu akatazwe chipsi alikuwa anapita mbali na vibanda vya chipsi, maana harufu ilikuwa inamtia simanzi. Alinishika mkono, hakuuachia upesi. Niliona aibu kidogo, kwamba mie nimefuata kura. Ikapita.

Akauliza kama Jumamosi vitakuwepo vya kutosha. Nikamwambia atasaza.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Benedikto makusudi. Nikamsalimia kwa upole wa mtu anayejua jambo.

Ijumaa, 14 Juni

Kikwazo kidogo. Droo inatoa sahani moja tu. Jumuiya ina kaya nyingi, kaya zina watoto, na watoto wana marafiki.

Yuliana kashauri tupike ubwabwa na maharage, yaishe. Mie nina akili zaidi. Nitakaanga tangu asubuhi, awamu kwa awamu, nahifadhi kwenye hotpoti. Nimeazima hotpoti mtaa mzima. Yuliana alisema kitu kuhusu mvuke. Sikumsikia vizuri, nilikuwa namenya.

Jumamosi, 15 Juni

Sala ilikuwa nzuri, nadhani. Mawazo yangu yalikuwa kwenye hotpoti. Baada ya amina ya mwisho nikasimama, nikatoa hotuba fupi kuhusu afya ya wazee wetu, nikafunua ya kwanza.

Mvuke ukapanda. Ndani viazi vimelala, vimetoka jasho, vimeshikana. Ya pili hivyohivyo. Mzee Alfonsi alichukua kimoja, kikajikunja kwenye kidole chake. Akanitazama kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu ikaahirishwa.

Nikakimbia na hotpoti jikoni, nikavirudisha kwenye mashine. Sahani ya kwanza ikatoka inalia. Mzee Alfonsi aliimaliza kabla jirani yake hajanyoosha mkono. Basi, jumuiya nzima ikahamia mlangoni pa jikoni. Watoto wakapita chini ya miguu ya wakubwa. Mama Hope, mhazini wetu, akapenyeza mkono dirishani. Miwani yangu ikaingia ukungu. Sikuwa naona mashine wala watu.

Ndipo ikaja ile sauti.

"Wazee mbele. Watoto nyuma. Mama Hope, toa mkono dirishani."

Mstari ukanyooka. Benedikto akapokea kila sahani mlangoni, akagawa kwa haki, kila aliyefika mlangoni akapata chake kikiwa cha moto. Waliobaki nyuma Yuliana akawapakulia ubwabwa, sufuria zima, alioupika kwa jirani bila kuniambia.

Mtu akasema kiongozi ndiye huyu. Mzee Alfonsi, mdomo umejaa, akasema sasa tunangoja nini, tunyoosheni mikono. Mie nilikuwa nimeshika droo kwa mkono mmoja. Nikanyoosha wa pili kuomba chumvi.

Nikahesabiwa.

Benedikto kapita bila kupingwa. Kanishukuru mbele ya wote kwa kura yangu.

Jumapili, 16 Juni

Benedikto kaja baada ya misa, kanikumbatia, kanipandisha cheo. Sasa ni mtunza viti na viazi. Yuliana anacheka peke yake tangu jana. Nilinuna mpaka mchana, kisha nikajikuta nacheka naye.

Nimetafakari kwa kina, na nimeliona kosa. Kosa lilikuwa viazi. Nimemwona mtu Tegeta anauza mashine ya kutengenezea aiskrimu, karibu mpya. Inatoa kikombe kimoja kimoja, na kila kimoja kinachukua muda wake, lakini hilo si tatizo. Watu wa jumuiya ni wastaarabu. Watasubiri.