Jumuiya ya Heshima na Magunia ya Ufuta

Kaimu hakuwa mwizi. Mwizi, kwa maelezo yake mwenyewe, huamka usiku akavunja mlango. Yeye aliamka saa tatu, akanywa chai, na milango ikafunguliwa na wenye nyumba.

Asubuhi hiyo alikuwa Nachingwea mjini, anakula mihogo karibu na ghala la ufuta, alipomwona Bi Sofia akimfokea mpima uzito. Wapagazi wote wakaongeza mwendo! Bi Sofia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima, na hata mbwa wa sokoni walimpisha. Lakini alipotoka pale alimwonyesha mwenzake picha kwenye simu, wanawake wa Dar wanavishwa nishani. "Wenzetu hao," alisema, akashusha pumzi.

Kaimu akaacha mihogo. Pumzi ile ilikuwa imemwambia kila kitu.

Jumapili akatinga kibarazani kwa Bi Sofia, suti imenyooka, mkoba kwapani.

"Mama, Jumuiya ya Heshima ya Wanawake Viongozi imekuona."

"Imenionea wapi?"

"Heshima haijifichi, mama."

Bi Sofia akamkagua juu hadi chini. "Kabila gani wewe?"

Kaimu alizaliwa Temeke na kukulia Temeke, ila kila mji alijichagulia kabila la mbali, asije akaulizwa habari za wajomba. "Mngoni, mama. Wa Songea."

"Alaa! Babu zako walikula mbuzi wa babu zetu Wamwera, na wewe mla panya umekuja kumalizia?"

"Hapana mama, mimi nimekuja na nishani," alijibu Kaimu kwa adabu zote. Bi Sofia akacheka sana, na Kaimu akakihesabu kicheko hicho kuwa faida. Maskini, utani wa makabila, kama huo wa Wangoni na Wamwera, aliujua wa redioni tu.

Sharti la Jumuiya lilikuwa dogo: kila mheshimiwa, Bi Sofia na wenzake wote wa kikundi, achangie gunia moja la ufuta. Hapo ndipo Zipora, mhazini wa kikundi, mama wa Kisukuma anayefuga ng'ombe kule Naipingo, alipokuja juu. Ufuta ule walikuwa wameuweka wanunue mashine ya kukamulia mafuta.

"Dada Sofia, huu ukipotea, mashine tutaiona ndotoni!"

"Mpe," alisema Bi Sofia.

Zipora akatoa, midomo imevimba.

Sherehe ikafanyika Ruangwa, ukumbi umejaa vitenge vya sare. Nyuma ya ukumbi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imeshapakiwa magunia, na dereva wake Alfred yuko kwenye usukani. Mpango ulikuwa rahisi: hotuba, nishani, na akina mama wakishaikabili pilau, Kaimu huyoo!

Tuseme ukweli, ndugu zangu, mtu huyu alikuwa mwongo lakini kuongea alijaliwa. Kwa habari alizookota sokoni, alisimulia jinsi Bi Sofia alivyotembea kwa miguu hadi Nanganga kutafuta mbegu mwaka wa njaa, na jinsi alivyowatimua walanguzi waliokuja na mizani ya kuchezea. Ukumbi ukalia. Zipora alilia, akajikasirikia kwa kulia. Kaimu mwenyewe alibakiza kidogo tu alie. Kisha akawavisha nishani, ambazo kwa nyuma zilikuwa na mchoro wa mpira wa miguu, kwani duka lilikuwa na hizo tu.

Bi Sofia akasimama kushukuru. Akapiga kigelegele.

"Watani! Mngoni wetu huyo!"

Wakamvamia. Huyu kampaka unga usoni, yule kavua viatu, mwingine kaondoka na koti. Kundi zima likaelekea nyuma ya ukumbi, na Kaimu alipofika huko pekupeku, magunia yalikuwa yanashuka.

"Jamani! Huo mzigo wa Jumuiya!"

"Mtani umenuna?" aliuliza Bi Sofia.

Sherehe ni sherehe, na mtani huchukua anachotaka. Mwenye mali kazi yake ni kucheka. Akinuna hutozwa mbuzi.

"Kama umenuna sema, tuwapigie wajomba zako Songea waje na mbuzi."

Kaimu akawatafuta wajomba wa Songea moyoni mwake, asimpate hata mmoja. Polisi je? Akaseme ameibiwa ufuta wa nani?

"Sijanuna," alisema, unga unamdondoka.

"Basi cheka."

Akacheka, maskini ya Mungu, hadi kirikuu tupu ikamwondoa.

Zipora alikuwa amekalia gunia, anahema. "Dada, kumbe ulijua ni tapeli?"

"Tangu kibarazani. Nimemtukania babu zake, nimemwita mla panya, yeye ananiita mama! Mngoni wa kweli angenirudishia tusi kabla sijafunga mdomo."

"Sasa magunia ulimpa ya nini? Wiki nzima sijalala mwenzio!"

Bi Sofia akaifuta nishani yake kwa ncha ya kanga, taratibu.

"Zipora, miaka yote hii naongoza, hakuna aliyewahi kunisimamisha mbele za watu akaniambia ahsante. Ningemfukuza siku ile, hotuba ningeisikia wapi?"