Mpima Presha Anakuja

Jumatatu, 3 Juni
Siku mbaya. Dobi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Povu, ametundika cheti cha ukaguzi wa boila la mvuke mlangoni. Kwa fremu! Wateja wanakisoma kama kadi ya harusi. Mke wangu naye kaanza: sheria inataka boila letu likaguliwe, muda umepita, iko siku litatuua. Nikamwambia boila ni zima kuliko mimi. Ile vali ya usalama iliyokuwa ikifoka mvuke kutwa nimeitundikia pasi ya mkaa. Kimya! (Hili sikumwambia.) Povu hana akili kama hizi.

Jumanne, 4 Juni
Nimemsikia mke wangu akinong'ona kwenye simu. Kwamba mtu aje kesho kupima presha, imepanda mno, ila mwenyewe ni mbishi, aende naye polepole. Mwenyewe! Yaani mimi! Mke wangu wa ndoa kaniitia mkaguzi. Sawa. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Nimezima moto na kulifunika boila kwa mashuka ya wateja. Kesho chai, maneno matamu, kwaheri.

Jumatano, 5 Juni
Kaja mama wa makamo, mkoba begani. Nikamkaribisha chai. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikacheka moyoni: kumbe wakaguzi huita mitambo wagonjwa! Nikamjibu kitaalamu. Kwamba mgonjwa hana shida, amepoa tangu jana, baridi kabisa, nimeshamfunika shuka. Akaweka kikombe chini. Akauliza kama kabla ya hapo alikuwa akipumua vizuri. Nikasema alikuwa akipumua kwa kelele, anatukera, nikamwekea pasi juu, akanyamaza.

Sijawahi kusikia mayowe kama yale.

Mtaa ukajaa, Povu mbele, sabuni hadi viwikoni. Mama mkwe, anayelala chumba cha nyuma, akatoka akiuliza nani kafa. Kumbe yule mama ni nesi! Aliitwa kumpima mama mkwe presha. Akampima. Akanipima na mimi. Yangu ilikuwa juu zaidi.

Watu walipotawanyika, mke wangu akauliza taratibu: hiyo pasi umemwekea nani?

Ijumaa, 7 Juni
Leo mkaguzi wa kweli. Mke wangu kamwita waziwazi. Kafunua mashuka, kaiona pasi, akanitazama kwanza. Kisha akaeleza: vali ilifoka kwa sababu presha ndani imezidi. Geji ya presha imekwama, inadanganya. Mvuke ukizibiwa njia hujitobolea yake. Akagonga ukuta, akauliza nyuma yake kuna nini.

Kitanda cha mama mkwe, nikasema. Nikaketi kwenye kapu la nguo chafu. Mama yule hunigombeza asubuhi na jioni, lakini alinipa mwanawe nikiwa sina hata kipande cha sabuni. Nimeogopa. Sioni haya kuandika.

Boila limefungwa. Povu akavuka barabara kusema tutumie la kwake hadi letu lipone. Mbele za watu! Nikamshukuru. Kwa sauti, wote wakasikia.

Jumatano, 19 Juni
Limefaulu! Vali mpya, geji mpya. Wamelijaza maji, wakalipima kwa presha, halikuvuja hata tone. Cheti kiko mlangoni, na fremu yangu ni kubwa kuliko ya Povu. Wateja wamerudi. Mke wangu anaimba akikunja mashuka. Presha ya mama mkwe imeshuka, na leo ameniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi. Karibu nilie.

Nimemwapia mkaguzi kwamba sitaziba tena vali ya boila maishani mwangu. Nami si mtu wa kuvunja kiapo.

Kwa furaha mama mkwe katununulia sufuria la presha. Liko jikoni na maharage, linapiga filimbi bila kupumzika, siwezi hata kuandika. Mkaguzi alisema boila. Sufuria hakulitaja. Na pasi ya mkaa iko hapa, haina kazi.

Kimya! Povu hana akili kama hizi.